Mgeni Asiyebisha Hodi

Mtaa wa Chini
Jumatatu, 2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hujambo na mkasi wako bado unakata. Huku tu wazima, isipokuwa Mama. Ile nyonga aliyoumia alipoteleza uani bado imemlaza chali. Tangu mume wangu, mpwa wako, aondoke na lori lake, nyumba imebaki na sisi wawili, mimi na mama mkwe, yeye akinielekeza kutoka kitandani namna ya kuinjika sufuria asiyoiona.

Nakuandikia kwa shida ya kazi. Mwalimu mkuu ameamua kila darasa likusanye historia ya hapa petu. Wenzangu wamepewa soko, nyimbo na viongozi. Mimi mtu wa kuja nimepewa maafa: pepo, mvua kubwa, na yote ambayo hali ya hewa imewahi kuwatendea watu wa eneo hili. Unajua nilikozaliwa, Mjomba. Kwetu kuna janga moja tu, nalo halina hadithi. Jua linawaka, basi. Nikiwauliza watoto wanatazama dari. Nilimuuliza Mama, akageukia ukutani, akasema, "Yaliyopita si ndwele." Nikamwambia ni kazi ya shule. Akasema, "Basi muulize kaka yangu. Yule ana mdomo wa kukodisha."

Samahani, ndivyo alivyosema. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi.

Mkweo,
Mwalimu


Darajani, huku juu
Jumatano, 4 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Mwambie dada yangu mdomo wangu haukodishwi. Mteja analipia nywele tu, maneno natoa bure.

Umekuja mahali penyewe. Mtu akikaa kwenye kiti changu, shuka shingoni na wembe kooni, ni nadra kuongopa. Andika basi.

Kwanza Mwaka wa Mabati. Upepo ulikuja mchana kweupe, watu wakiwa wanakula, ukang'oa mapaa ya mtaa mzima na kuyamwaga nyuma ya soko. Watu wakaenda kuokota, kila mtu akitambua mabati yake kwa kutu. Mzee mmoja alitambua mengi kuliko aliyokuwa nayo. Mpaka leo mvua ikianza, jirani yake husimama mlangoni akitega sikio, anasema, "Ile ni sauti ya bati langu."

Kisha Mwaka wa Kilima. Kilima cha nyuma ya kiwanda cha mbao kilishuka na shamba la mtu, maboga yakiwa bado kwenye mashina yake, likatua juu ya shamba la mwenzake. Kesi haijaisha: maboga ni ya nani? Chini yake walilala watu wawili. Hao hawana kesi.

Tetemeko nililishuhudia mwenyewe, wembe ukiwa kwenye nyusi za karani wa posta. Alibaki na nyusi moja na nusu, na tangu siku hiyo ananisalimia kwa upande ule mzima.

Amebaki Mgeni. Huyo sitamwandika sana, na watoto usiwaambie zaidi ya haya, maana hatupendi kumtajataja. Mama yetu alisema ukimwita mara nyingi atadhani amealikwa. Mara ya kwanza nilikuwa mdogo, alifika barazani akarudi. Mara ya pili aliingia ndani. Hakubisha hodi, mkwe. Alipitia mlango wa uani, akalala kwenye kitanda cha dada yangu, na alipoondoka aliondoka na mume wake. Ndiyo, baba mkwe wako. Hatukumwona tena. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule alikaa alivyotaka, na jembe tulilishika sisi. Dada hajawahi kulizungumza jambo lile. Usimuulize.

Hupenda kuja miezi hii. Akipita hapa darajani kwangu, kwenu anafika kesho yake, na basi humtangulia. Nikimwona nitakuandikia.

Mjomba wako,
Kinyozi


Mtaa wa Chini
Ijumaa, 6 Machi

Shikamoo Mjomba,

Watoto wamecheka mabati na maboga mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Ahsante.

Habari za yule mwingine nilizisoma nimesimama, nikakaa. Mpwa wako aliniambia tu kwamba baba yake alifariki, akaishia hapo, na sasa naelewa kwa nini. Sitamuuliza Mama. Hata kumtazama usoni siwezi, nampa uji huku naangalia kikombe. Barua nimeificha kwenye droo ya cherehani yake, kwa kuwa aibu ya nyumba ni ya nyumba, na mimi sasa ni wa nyumba hii.

Lakini niseme kweli, tangu niisome silali vizuri. Kwetu hakuwahi kupita wa namna hiyo. Nikimwona nitamjuaje? Ni mkubwa kiasi gani? Huwa na silaha? Na polisi, walikuwa wanamjua?

Mkweo,
Mwalimu


Darajani
Jumatatu, 9 Machi

Mkwe wangu,

Utamjua kwa sauti kabla ya sura. Hunguruma kama lori linalopanda mlima lisifike. Akiwa na hasira huwa mwekundu. Ukubwa wake, mara ya mwisho alifika kwenye kizingiti cha juu cha mlango wenu. Silaha hana, ila hubeba vitu vya watu, na hivyo ndivyo vinavyoua. Polisi walimjua vizuri sana. Aliingia hadi kituoni, wakapanda juu ya kabati.

Umeandika habari za aibu. Sijaelewa aibu inatoka wapi, maana alipita kila nyumba mtaani. Walimu mna maneno yenu.

Jumanne asubuhi, naendelea. Nilikuwa nifunge bahasha, sasa sikiliza vizuri.

Amepita.

Nimefungua kibanda nikamkuta tayari yuko chini ya daraja, mwekundu, anapumua. Amebeba mlango wa mtu, na juu ya mlango mbuzi amesimama, ananitazama kama mteja anayesubiri zamu. Huko milimani inaonekana amelishwa usiku kucha. Sijamwona akiwa hivi tangu mwaka ule. Kesho mchana mtakuwa naye.

Mtoe Dada. Mpandishe shuleni kilimani, kwa mkokoteni, kwa mgongo, kwa chochote. Na jambo moja, hata mkichelewa, usimfungie mlango. Akifungiwa huvunja ukuta. Mwache apite.

Mikono yangu leo haifai kushika wembe. Nimewarudisha wateja wote.

Mjomba wako,
Kinyozi


Mtaa wa Chini
Jumatano, 11 Machi, asubuhi

Mjomba,

Nisamehe mwandiko, nina haraka.

Barua yako ilifika jana jioni. Nikatoka nje kupunga hewa, nikamkuta jirani yetu muuza mkaa anafunga magodoro. Nikamuuliza kulikoni. Akaangalia huku na huku, akasema kwa sauti ya chini, "Mgeni."

Kumbe mtaa mzima unamjua!

"Na nyie?" akaniuliza. "Nilete mkokoteni tumpakie Mama?"

"Nyonga yake haitahimili. Na tafadhali usimwambie, atashtuka."

"Mtabaki naye hapa, mwalimu?"

"Kwani yuko mmoja au wako wengi?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Mmoja anatosha," akasema, akaenda zake akitikisa kichwa.

Wanaume wazima, Mjomba, mabega ya kubebea magunia ya mkaa, wanamkimbia mtu mmoja! Lakini nilipoingia ndani, ujasiri wangu ulibaki nje. Mtu anayefika kizingiti cha juu. Mtu anayepandisha polisi juu ya kabati. Mtu aliyelala kwenye kitanda kile kile ambacho Mama amelala sasa, hawezi hata kugeuka.

Umesema nisimfungie. Hapo nitakuasi. Nimepiga komeo mbele na nyuma. Mlango wa mbele nimeusukumia cherehani ya Mama, ile ya chuma, na juu yake gunia la mahindi. Dirisha nimelipigilia ubao. Shuleni siendi, maana akitufuata itakuwaje? Siwezi kumpeleka kiumbe wa namna hiyo walipo watoto wa watu. Mama ameuliza kelele za nini. Nimemwambia nafanya usafi. Mchi wa kinu uko karibu nami.

Nikimaliza nitachungulia uani nimpe kondakta barua hii, kisha nirudishe komeo.

Mtaa umenyamaza. Hakuna wingu, hakuna upepo, jua linawaka kama la kwetu. Nimegundua kinachoniogopesha zaidi. Mbwa nao wameondoka.

Tuombee.

Mkweo


Darajani
Jumatano, 11 Machi, jioni
Barua hii haina basi.

Mkwe wangu, mwanangu,

Si mtu.

Nimesoma barua yako mteja akiwa kitini, nikamwacha na povu usoni. Si mtu, mwanangu. Ni mafuriko. Ni mto. Ni maji. Baba mkwe wako hakuondoka na mtu, alichukuliwa na maji. Aliyelala kitandani ni maji. Toa cherehani mlangoni. Ng'oa ubao. Mama yako ana akili kuliko sisi wote, msomee barua zangu, atakwambia kwa neno moja.

Nimeliandika. Umri wote huu sijawahi kuliandika neno hilo. Nimelitamka pia, kwa sauti, pale kibandani, wateja wakanitazama kana kwamba nimevua nguo. Mmoja ametoka mbio na nusu ya kichwa haijanyolewa.

Nilijiona hodari wa kusema kwa kuzunguka. Nimezunguka mpaka nimekufungia ndani.

Kondakta anasema walivuka kalavati maji yakiwa kwenye ngazi za basi, na nyuma yao barabara ikakatika. Basi halirudi. Nimemwomba dereva, nimemwomba mwenye pikipiki, nimemwomba mvuvi. Wote wananitazama kwa huruma na kunipa kiti. Mimi ndiye mwenye viti!

Nakuandikia ingawa najua mnaye tayari, kwa sababu kalamu ikisimama ninausikia mto. Unagonga nguzo za daraja. Sakafu ya kibanda inatetemeka, na mkasi unacheza peke yake juu ya meza.

Natoka nje kutafuta mtu yeyote wa kuipeleka.

Mjomba


Shuleni, darasa la nne
Jumatatu, 16 Machi

Shikamoo Mjomba, kama upo.

Mama yuko hai, nami pia. Naanza na hilo ili kama kuna mtu anakusomea, asikuzungushe.

Jua lilikuwa bado linawaka. Nikasikia lori linapanda mlima, halifiki. Kisha mlangoni: ko, ko, ko. Nikashika mchi.

"Nani?"

Ko, ko.

"Ondoka! Hapa hatufungui!"

Mama akaita kutoka chumbani, "Unamfukuza nani?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Mbona anagonga?"

Nikaona siri haina kazi tena. "Ni Mgeni, Mama. Nimemzuia."

Akauliza, "Umemzuia kwa kitu gani?"

"Kwa cherehani yako."

Mjomba, alicheka. Kilianza kama kicheko, kikaisha kama kitu kingine. Nami, kwa woga, nikaanza kucheka naye, na hapo ndipo nikaona ulimi wa maji unapita chini ya cherehani, mwekundu, taratibu, kama mtu anayevua viatu kwanza.

"Mama, kuna maji."

"Ndiyo mwenyewe! Mafuriko, mwanangu! Mafuriko, wewe mtoto wa jangwani! Fungua!"

Sijui kama aliwahi kulitamka neno lile tangu alipofiwa. Siku ile alilitamka mpaka sauti ikamkauka.

Fungua wapi? Gunia la mahindi lilikuwa limelowa, limekuwa zito kama maiti. Cherehani haikusogea. Mlango wa uani ulikuwa unasukumwa kutoka nje kama kuna watu kumi. Ubao wa dirisha nilikuwa nimeupigilia mwenyewe, kwa misumari mirefu, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Mchi niliomwekea Mgeni ndio uliouvunja. Nilipiga huku maji yananipanda kiunoni, na Mama, kitanda chake kimeanza kuelea, ananielekeza: "Piga pembeni, si katikati! Pembeni!" Kama vile sufuria.

Nje ya dirisha tukamkuta muuza mkaa, maji kifuani. Anasema alirudi kufuata mkaa wake. Mkaa wake hakuugusa. Alimbeba Mama mgongoni hadi kilimani, Mama akimfokea ashike vizuri, si gunia hilo. Nilimuuliza njiani aliyekuwa anagonga mlango wetu alikuwa nani. Akasema ni kinu chake, aliona kikielea pale.

Ukuta wa mbele ulianguka, kama ulivyosema. Cherehani bado iko mlangoni, na mlango umesimama, ila nyuma yake hakuna nyumba. Mwenye nyumba ya kona na mkewe hawajaonekana.

Barua zako nimezikuta kwenye droo ya cherehani, zimelowa ila zinasomeka, nimemsomea Mama zote. Nilipofika pa "aliondoka na mume wake" akaniuliza mimi nilielewa nini. Nikamwambia. Akasema, "Huyu kaka yangu, uzee wote huu na bado anaandika kwa mafumbo kama anatongoza." Hapo wanawake wote darasani walicheka, na wengine wao hawana pa kurudi.

Nikaandika MAFURIKO ubaoni, chini ya Mabati na Kilima, maana kazi ya shule haijaisha. Bibi mmoja akasema, "Futa hilo, utaliita." Mama akajibu kutoka kwenye mkeka wake, "Liache. Tusipoliita linakuja vile vile."

Lakini sicho ninachokuandikia. Leo asubuhi limefika lori la magodoro lililozunguka njia ya mbali. Nilimuuliza dereva habari za huko juu. Akasema daraja halipo. Nikasema kando ya daraja kuna kinyozi. Akasema, "Kinyozi gani, dada? Pale hakuna hata mti."

Mama alisikia. Amegeukia ukutani kama siku ile nilipomuuliza maafa. Na mvua imeanza tena, safari hii ni hapa hapa juu ya vichwa vyetu, na kila tone likigonga bati wanawake wanaacha kuzungumza.

Barua nampa dereva huyo huyo. Andika, Mjomba. Hata neno moja. Na liwe neno lenyewe.

Mkweo


Uwanja wa soko, huku juu
Alhamisi, 19 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Nipo.

Nimelitanguliza neno ili usiruke mistari.

Kibanda hakipo. Kiti changu kiliondoka mbele ya macho yangu, kimekaa wima, kikizunguka polepole kama kina mteja anayejitazama kisogo kwenye kioo. Daraja lilikifuata. Mimi sikuwamo ndani, kwa sababu nilikuwa barabarani, nimekamata suruali ya mwenye pikipiki, namsihi achukue barua isiyo na basi. Barua ile ninayo mfukoni, wino umetapakaa, limebaki neno moja tu linalosomeka. Unalijua. Mfuko huo huo una mkasi na wembe. Ndiyo mali yangu yote.

Nalala sokoni pamoja na karani wa posta. Sasa tunasalimiana kwa pande zote mbili. Usiku mtu akikohoa tunaamka watu mia. Jana mtoto alimwaga ndoo, na wanaume wenye ndevu, ambao nimezinyoa mwenyewe, wakapanda juu ya meza za nyanya. Nami nilikuwa juu ya meza.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Pale pa cherehani kila mara nasimama, nakunja karatasi, natembea kidogo, ndipo narudi. Mwambie Dada ameshinda. Sina mafumbo tena, yamekwenda na kiti.

Ila nina habari moja, na kwa hiyo sijui neno jingine la kutumia. Kaa kwanza. Uache mchi ulipo. Mshike Dada mkono kabla hujamsomea, na usome mpaka mwisho bila kupumzika:

Jumamosi kuna mgeni anakuja. Ana miguu miwili. Hana nyumba, hana daraja, anapanda lori la magodoro na kuzunguka njia ya mbali. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu anakuja apone yeye. Atahitaji kona ya darasa na kichwa cha kunyoa, hata cha muuza mkaa, bure, maisha yake yote.

Huyu atabisha hodi. Mfungulieni.

Kinyozi